Alama ya Zambarau

Jumatatu, 7 Februari 1955

Leo nimekabidhiwa mizani. Sikuiomba.

Maziwa ya unga yamefika kwa lori la Mursal kutoka Meru mjini. Tuliahidiwa makopo sitini. Tumeyahesabu stoo mara mbili, mimi na mzee Misheck, dresa wetu wa kufunga vidonda – ishirini na manne. Daktari alisoma karatasi iliyokuja nayo, akaikunja, akaitia mfukoni. Akasema tu tuwaite watoto.

Watoto arobaini na mmoja. Wote wa kile kijiji kipya cha chini, ambako serikali imewafungia watu wasiwalishe wapiganaji wa msituni, kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha. Mama zao wanachimba handaki jingine kando ya msitu mpaka saa nane mchana. Kisha wanapewa saa moja ya kutafuta chakula kwenye mashamba yao ya zamani. Saa moja! Kufika huko tu ni nusu yake. Kwa hiyo watoto wana nywele nyekundu na miguu ya kuvimba, na wengine hawana hata cha kuvimba.

Daktari aliwapanga mistari mitatu verandani. Wa kwanza wamekonda, lakini watasukuma siku bila sisi. Wa mwisho, alisema kwa Kiingereza na kwa sauti ndogo, hawatapona hata tukiwapa. Maziwa ni ya mstari wa katikati. Watoto kumi na wanane. Kwao kopo moja litakwenda siku mbili, na tutafika mwisho wa Machi, mzigo mwingine uje. Akiongezwa hata mmoja, hatufiki.

Hao kumi na wanane nimewapaka kifundo cha mkono ile dawa ya zambarau tunayotibia vidonda vya mdomo. Askari wa lango la kijiji akiiona alama, anamwachilia mama atoke saa moja asubuhi kumleta mtoto, kabla ya handaki. Nitaipaka upya kila Jumatatu, siku ya kupima, ambayo watoto wote huruhusiwa kuletwa.

Na kuanzia wiki ijayo nachagua mimi. Daktari ameitwa kambi ya wanajeshi, wiki tatu nzima. Hospitali ina daktari mmoja, na yeye pia wamemgawa.

Naandika Kiswahili, lugha ya darasa la unesi. Kwa Kimeru nisingeweza.

Jumanne, 8 Februari

Mtoto mmoja wa mstari wa mwisho amekufa. Jana alikuwa ratili kumi. Nilimvua shati mwenyewe ili lisidanganye mizani.

Alhamisi, 10 Februari

Wanawake wameletwa na askari kupakua kuni za jikoni. Mmoja amenisogelea na kunisalimu kwa Kimeru. Anaitwa Ciakuthii. Kwao ni Mitunguu, ameolewa huku Embu, mume yuko kizuizini tangu mwaka juzi. Alikuwa amesikia nesi ni msichana wa Githongo. Alifurahi kama aliyekutana na dada yake. Nami nilifurahi, mpaka aliposema jina la mtoto. Igoki. Mwaka mmoja na nusu, ratili kumi na moja. Mstari wa mwisho.

Akauliza kwa nini. Nikasema ni amri ya Daktari. Akauliza mtoto atakiwe nini ili aingie katikati. Nikasema, aongeze ratili mbili au tatu.

"Aongeze kwa kula nini?"

Hakuuliza kwa ukali. Alikuwa anataka kujua.

Nilimwambia kuni ziwekwe upande wa kushoto.

Jumatatu, 14 Februari

Nimechagua.

Misheck aliandika, mimi nilipima. Watatu wa mstari wa mwisho hawakuletwa, na hatukuuliza. Katikati amekufa mmoja, kwa hiyo kuna nafasi moja. Nimempa Nyaga. Miaka miwili, ratili kumi na sita, ana sauti ya kulia. Daktari alinifundisha hivyo kabla ya kuondoka – msikilize mtoto akilia, mwenye nguvu ya kulia ana kitu cha kujengea.

Igoki halii. Anatazama tu.

Ciakuthii aliona nikimpaka Nyaga. Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda zake. Heri angenitukana.

Jumatano, 16 Februari

Asubuhi kulikuwa na vikombe kumi na vinane mezani na watoto kumi na tisa kwenye benchi.

Igoki alikuwa wa tisa. Mkono wake una alama ya zambarau. Nzuri, duara safi kuliko zangu. Nikaushika mkono, nikausogeza kwenye mwanga wa dirisha. Si dawa yetu. Ni penseli ile ya ofisini ambayo ukiilowesha kwa mate inatoa wino wa zambarau. Ciakuthii hufagia ofisi ya posti, kituo cha homgadi, wale wenyeji waliopewa bunduki na serikali walinde kijiji; ndiyo zamu yake ya kazi ya lazima. Sikuhitaji kuuliza zaidi.

Yeye alitazama sakafu. Mimi nilitazama mkono.

Nikaenda jikoni, nikaongeza maji kwenye sufuria. Kikombe kimoja tu cha maji. Kwa watoto kumi na tisa nani ataonja tofauti? Igoki alikunywa polepole sana, na alipomaliza akalamba ukingo wa kikombe. Ni mara ya kwanza nimemwona akitaka kitu.

Leo nina furaha. Naiandika kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 21 Februari

Ishirini na wanne.

Ciakuthii ana majirani, na majirani wana watoto. Ningefanyaje? Ningemwachia mmoja na kuwakamata watano? Nimeongeza maji. Nimepaka dawa yetu juu ya penseli yao, wote, ili zifanane.

Ijumaa, 25 Februari

Leo ni ishirini na saba.

Misheck amekuwa dresa tangu kabla sijazaliwa. Leo alichovya kijiko kwenye sufuria, akakiinua, maziwa yakachuruzika kama maji ya kuoshea mchele. Akaniambia nikae. Nilikaa kwenye gunia la mkaa.

Alisema anajua, na kwamba hata yeye ana macho na ana wajukuu. Alisema sijaongeza maziwa, nimeongeza midomo. Kwamba kikombe cha Daktari kilikuwa kinamwinua mtoto, na kikombe changu hakimwinui yeyote.

"Unadhani umekataa kuchagua," alisema. "Umechagua, mwanangu. Hujataka tu kuangalia ni nani."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia aandike yeye basi, apime yeye, apake yeye. Akaondoka kwenda kufunga vidonda. Ana miaka karibu sitini na nilimpandishia sauti mbele ya mpishi.

Jumatatu, 28 Februari

Nimepima. Nimerudia kupima. Nimegeuza mizani, nimeifuta, nimeweka jiwe la ratili tano kuijaribu. Mizani ni nzima.

Katika wale kumi na wanane wa kwanza, kumi na mmoja wamepungua. Wiki mbili zilizopita walikuwa wote wanapanda.

Igoki ameongeza nusu ratili. Nusu.

Nyaga – kumi na tano na robo. Anaharisha.

Alhamisi, 3 Machi

Nyaga amekufa saa tano asubuhi, kitanda cha dirishani. Mama yake alikuwa handakini. Tumemtuma mtu.

Alikuwa wa katikati. Alikuwa na sauti. Kikombe kizima kingemfikisha.

Mama yake alipofika alinishukuru. Alinishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa maziwa.

Jumamosi, 5 Machi

Mursal amepita na lori kuleta mafuta ya taa. Ana pasi ya kwenda popote, kwa hiyo ndiye gazeti letu. Alikuwa na salamu za mama. Walionana sokoni Gakoromone, mama mzima, anauliza kama nakula.

Nilimpa chai, nikamuuliza kuhusu makopo. Sikuwa na maana yoyote, nilikuwa natafuta la kusema. Akanishangaa.

"Dada, sitini nilipakia mimi mwenyewe. Thelathini na sita niliambiwa nishushe posti. Karatasi ya Daktari imeandikwa hivyo hivyo."

Thelathini na sita. Posti, ambako homgadi wana posho ya unga na nyama kila Jumamosi.

Nimekaa kupiga hesabu. Makopo sitini yangewatosha watoto wote arobaini na mmoja mpaka mwisho wa Machi. Wote, kikombe kizima. Kusingekuwa na mstari wowote verandani.

Mursal aliona uso wangu, akasema yeye ni mwenye lori tu. Nikamwambia sina neno naye. Sina. Alimaliza chai akasimama muda mrefu kabla ya kuwasha lori.

Jumatatu, 7 Machi

Daktari amerudi. Amekonda, ameungua jua. Aliomba daftari la uzito kabla ya kuvua buti.

Nilimwambia yote. Penseli, maji, Nyaga. Nilisimama wima kama siku ya mtihani. Hakunikaripia. Aliniuliza kama ninalala.

Nami nikamuuliza kuhusu karatasi. Alisema ndiyo, aliisoma. Amri ilitoka juu, sehemu ya posti na sehemu ya hospitali. Aliandika barua moja. Wakamjibu kwamba hospitali hii ipo hapa kwa ruhusa, na ruhusa hutazamwa upya. Akaona bora makopo ishirini na manne kuliko mlango uliofungwa. Huo nao ni mstari, alisema, na aliuchora peke yake bila kuniambia.

Nilitaka kumchukia. Bado alikuwa hajavua buti.

Kisha tukafanya lililobaki. Tumewafuta watoto wote mikono kwa pamba na spiriti, tumepima upya, tumerudi kumi na wanane. Wale wa penseli nimewatoa mimi, mmoja mmoja, kwa sababu mimi ndiye niliyewaingiza. Ciakuthii aliponiona nakuja na pamba alimnyoosha Igoki mkono mwenyewe. Alisema, "Fanya haraka, nitachelewa kazini."

Jumatano, 9 Machi

Nimekwenda posti. Sikumwambia Daktari.

Karani wa pale ni Ireri. Namfahamu, tunaimba pamoja kanisani, yeye sauti ya chini. Alinipa kiti. Nilisema nimekuja kwa ajili ya makopo. Nilidhani atakana. Hakukana. Alifungua mlango wa stoo, nikaona. Yaliyobaki ni kama nusu. Yaliyokwenda, alisema, yamekwenda kwa watoto wa homgadi, ambao baba zao hawathubutu kuwapeleka hata kuchunga, na mengine ndiyo, kwenye chai. Alisema mtoto wake mwenyewe ameyanywa. Angemnyima?

Mtoto wake namjua. Ana mashavu.

Kisha akapanga karatasi mezani zikalingana. Askari wa lango, alisema, amepeleka taarifa. Wanawake kumi na wanane walipaswa kutoka asubuhi, walitoka ishirini na saba. Na penseli moja ya ofisi imepotea. Penseli ile ile ya kuandikia pasi. Mkubwa wake anasema aliyechora alama ya mtoto leo atachora pasi ya mtu wa msituni kesho. Anataka mtu. Asipopata mtu, kijiji kizima kitafungiwa siku saba, hakuna kutoka hata kwenda shambani.

"Nipe jina moja, nesi," alisema. "Moja tu. Nami nitaandika kwamba makopo kumi na mawili yameharibika, nikuletee."

Nilimwambia simjui mtu. Akasema nifikirie mpaka Jumatatu. Alinisindikiza hadi njiani, akasema kwa sauti ya kuchoka kwamba hakuitunga yeye kazi hii.

Alhamisi, 10 Machi

Kumi na mawili. Sijala.

Ijumaa, 11 Machi

Wanawake wameleta kuni. Nimemvuta Ciakuthii nyuma ya chumba cha kufulia, nikamwambia atupe hiyo penseli, aitupe chooni leo leo, wanaitafuta. Nilidhani nitasema hilo tu na kunyamaza. Aliniuliza wanaitafuta kwa nini. Nikajikuta namwambia yote. Kijiji kufungwa. Makopo.

"Kumi na mawili?"

Nilisema ndiyo.

"Hayo ni ya watoto wangapi?"

Nilimwambia sijui. Najua. Aliona kwamba najua.

Akaniuliza mama mkwe wake akimleta Igoki badala yake, langoni watamruhusu? Bibi mzee, hana kazi ya handaki. Nikasema nadhani watamruhusu. Nilidhani anauliza kwa sababu ya zamu zake. Hapana, hebu niandike vizuri. Sikudhani hivyo. Nilijua anachouliza na nilimjibu.

Jumapili, 13 Machi

Ireri hakuwapo kwenye kwaya. Mhubiri aliombea mvua. Sikuimba.

Jumatatu, 14 Machi

Naandika nikiwa ofisini, mlango umefungwa, watoto wako verandani.

Makopo yamefika saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa mkokoteni. Kumi na mawili, Ireri mwenyewe akiyasukuma. Hakuingia ndani. Nilimwambia sijampa jina. Akasema anajua.

Ciakuthii alikwenda posti Jumamosi wakati wa kuitwa majina. Aliweka penseli mezani kwa mkubwa. Alisema alama zote amechora yeye, za watoto wote tisa, hakuna mama mwingine aliyejua, wao walidhani ni dawa ya hospitali. Kisha akamgeukia Ireri, mbele ya watu.

"Mimi ndiye jina. Sasa peleka makopo."

Jana asubuhi amepandishwa lori pamoja na wengine. Ireri hajui kambi gani. Alinieleza haya akiwa ameshika mikono ya mkokoteni, hakuiachia hata mara moja. Kijiji hakikufungwa. Akaniuliza kama ninamwona mbaya. Nikamwambia ashushe makopo.

Daktari hakuuliza yametoka wapi. Alikuwa na telegramu mkononi, imekuja Jumamosi – mzigo wa mwisho wa Machi umesogezwa mpaka katikati ya Aprili, malori yamechukuliwa na jeshi. Tukakaa na hesabu. Yetu yaliyobaki ni sita, haya kumi na mawili. Kumi na manane. Mpaka katikati ya Aprili yatatosha watoto ishirini.

Ishirini. Ciakuthii amenunua nafasi mbili. Haya mengine yote yameliwa na kuchelewa.

Basi nimepima. Watoto wako thelathini sasa. Kumi na tisa nimeshawapaka, wote wa katikati, sikuruka mtu, sikupendelea mtu. Imebaki alama moja na watoto wawili ambao sijawapitisha.

Mmoja ni Marigu. Miaka miwili, ratili kumi na tano, analia kwa nguvu tangu alipowekwa kwenye mizani. Mama yake amesimama nyuma yake na jembe begani, anachelewa handakini. Kwa kanuni hakuna hata la kufikiria.

Mwingine ni Igoki. Ameletwa na bibi yake, wametembea tangu alfajiri, bibi hana viatu. Ratili kumi na robo. Bibi hajaniomba kitu. Amekaa kwenye benchi na kumgeuza mtoto anitazame, na kwa Kiembu amemwambia mtoto taratibu, huyu ndiye yule rafiki wa mama.

Nilisema nahitaji kuchukua pamba ofisini. Pamba ninayo mfukoni.

Nasikia Marigu analia. Nasikia mama yake anauliza kama bado. Misheck amegonga mlango mara moja, hakufungua. Ameniuliza kutoka nje, kwa upole, mstari wa ishirini wa daftari aandike nani.